Kadi za Harusi kwa Mnunuzi wa Kahawa

Jumapili, 7 Juni 2009, Iyula

Nimepata cheo! Leo baada ya ibada kikundi chetu cha kahawa, Amkeni, kimekaa uani kwa mwenyekiti, Mzee Jairo, na mimi Tumpe nimechaguliwa kuwa mwandishi wa barua pepe. Mwandishi wa kawaida tunaye. Mimi ni wa barua pepe peke yake. Makofi yalipigwa mpaka kuku wakatawanyika.

Habari yenyewe ni hii. Wiki iliyopita alifika Vwawa mnunuzi anaitwa Bwana Felix, wa kampuni ya kukaanga kahawa Dar es Salaam. Akawaambia wakulima: kama mnamenya na kuosha wenyewe, na kahawa ni safi, mimi nanunua kwenu moja kwa moja, walanguzi wakae kando. Lakini siwezi kupanda kila kilima. Niandikieni barua pepe mniambie mna nini, nikivutiwa nitakuja. Akagawa kadi zake, akaondoka. Namba ya simu iliyo kwenye kadi ni ya ofisini, inaita tu, haipokelewi.

Nikasimama nikasema, wazazi wangu, mwaka huu tusiuze kwa walanguzi, tusubiri, huyu mtu namleta mimi! Shangazi Ketrina, ambaye hana shamba lingine zaidi ya lile la kahawa aliloachiwa na marehemu mume wake, akasema yake yote inaingia kwenye stoo ya kikundi kwa sababu ya neno langu. Ni Enesi tu, jirani yetu mwenye ulimi kama wembe, aliyeuliza: "Na asipokuja, wewe mtoto, tutakula barua?"

Atakuja. Mimi si mtu wa Tunduma bure.

Jumanne, 9 Juni, Tunduma

Kwa atakayekuja kusoma shajara hii nikiwa mtu mkubwa: nafanya kazi kwa Aziz, steshenari na intaneti, karibu na foleni ya malori ya kwenda Zambia. Aziz ni mtu wa Tanga. Kazi yangu ni kutengeneza kadi za harusi na za michango. Na sijisifu, lakini hakuna harusi ya maana mji huu ambayo kadi yake haikupita mikononi mwangu. Watu wa hapa wanaipima shughuli kwa kadi. Kadi ikiwa nyeupe yenye maneno tu, mtu anaitia mfukoni na kusahau. Ikiwa na waridi na utepe wa dhahabu, anaiweka juu ya kabati la vyombo na mchango anatoa.

Basi Bwana Felix atapata kadi ambayo hajawahi kuiona toka azaliwe.

Jumanne, 16 Juni

Imekwenda! Nimehangaika nayo wiki nzima kila wateja wakipungua. Nyuma rangi ya kijani iliyokolea, pembeni matawi ya kahawa yenye matunda mekundu, juu jua linachomoza, katikati herufi za dhahabu zilizolala:

"Familia ya wakulima wa kahawa wa Iyula inayo furaha kubwa kukualika wewe, Bw. Felix, kushiriki nao katika mavuno yao ya mwaka 2009. Kufika kwako ndiyo mafanikio ya shughuli yetu."

Nikaifanya yote kuwa picha moja ili isivurugike njiani, nikaibandika ndani ya barua pepe, nikabonyeza. Ilichukua muda kuondoka, jenereta linanguruma, mimi nimeshika kiti kwa mikono miwili.

Aziz alichungulia juu ya bega langu. "Maneno yako wapi?"

"Si hayo hapo!"

"Hayo ni mapambo. Pale juu kuna kitufe cha maandishi matupu. Bonyeza, andika maneno, tuma. Mfanyabiashara anataka maneno."

Nikamwambia, kaka Aziz, barua zako mwenyewe ni kama tangazo la msiba. Na ni kweli, nimeziona. Kwa msambazaji wa karatasi anaandika "KARATASI ZIMEKWISHA. LETA." Basi. Hata salamu hakuna. Akacheka, akarudi kwenye mashine yake ya kutoa kopi.

Ijumaa, 19 Juni

Bado hajajibu. Dar wana mambo mengi.

Jumanne, 23 Juni

Hakuna kitu. Baridi kali, vidole havitaki kuchapa.

Jumapili, 28 Juni, Iyula

Jamani raha! Nimechuma tangu kumepambazuka. Tunachagua nyekundu tupu, tunda la kijani hata moja halikubaliki, Mzee Jairo anapita na kikapu anayatoa kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele. Tumemenya, tumelowesha, kesho wataosha kwenye maji ya mto. Vichanja vimejaa mpaka huku nyuma ya nyumba. Shangazi anaigeuza kahawa kwa viganja huku anaimba. Nimemwambia barua imeshafika, bado jibu tu. Akasema, "Nakuamini, mwanangu." Nimefurahi kusikia hivyo, halafu nikaogopa kidogo.

Jumanne, 7 Julai, Sabasaba

Nimetuma ya pili. Nimegundua kosa: ya kwanza ilikuwa na giza, kijani kimezidi. Hii ina bendera ya taifa inapepea, maua ya waridi kwenye kona zote nne, na kikombe kinachotoa moshi unaosogea! Nimewaita wateja wote waje waone. Wakala mmoja wa forodha wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, Mzambia, akasema kwa Kiswahili chake, "Sista, hii ni weding ya nani?" Akataka kujua kama atapata sahani. Tulicheka sana.

Aziz hakucheka. Alisema tu, "Haya."

Siku hizi namwona kama mtu mwenye wivu. Yeye kompyuta ni zake lakini mikono ni yangu, na wateja wanauliza "yule dada yupo?"

Jumatatu, 20 Julai

Hakuna.

Jumamosi, 8 Agosti, Nanenane

Ya tatu. Nimeongeza utepe wa dhahabu. Vumbi la Tunduma limeingia hadi ndani ya kibodi, herufi M haitaki kubonyezeka, na Iyula haina M lakini kahawa ya Mbozi inayo.

Jumapili, 23 Agosti, Iyula

Kikao. Kahawa yote imekauka, iko stoo, ukiigonga inalia vizuri. Mzee Jairo aliniita mbele nieleze. Nikaeleza habari za kadi tatu, nikawaonyesha niliyochapa kwa rangi. Ilipita mkono kwa mkono. Wazee waliisifu sana! Mmoja akasema angepewa hii angekwenda hata kama hajui ni shughuli gani. Mzee Jairo akataka kuibandika ukutani.

Enesi akaishika mbali na macho, akaigeuza nyuma kutazama kama kuna kingine. "Nzuri," alisema. "Sasa huyo mtu mbona hajaitikia? Harusi hii anaoa nani, na bwana harusi hayupo?"

Watu wakaangua kicheko. Mimi nikachukia. Enesi hajawahi kunipenda tangu nilipokwenda Mbeya kusoma kompyuta, na moyoni nilimwita mchawi, Mungu anisamehe.

Jumatano, 2 Septemba

Ya nne. Aziz amefunga Ramadhani na mdomo wake umekauka, hata kunikosoa hana nguvu. Vizuri.

Jumapili, 13 Septemba, Iyula

Mambo si mazuri. Mlanguzi mkubwa, yule anayekuja na roli la bluu, amepita nyumba kwa nyumba. Anasema mvua zikianza barabara yetu haipitiki, na ikishakuwa haipitiki yeye atataja bei yake na sisi tutaitikia ndiyo bwana. Sasa hivi bado anabembeleza. Baada ya hapo habembelezi. Kikao kimeamua: Ijumaa ya tarehe pili Oktoba roli linakuja. Kama Bwana Felix hajajibu mpaka siku hiyo, tunauza.

Nilitoka kikaoni na shangazi Ketrina. Njiani kurudi aliniuliza, "Tumpe, huyo mtu yupo kweli?" Nikasema yupo. "Umemwona kwa macho?" Nikasema sijamwona, nimeona kadi yake. Akaongeza mwendo mpaka tukafika. Bei ya walanguzi ya mwaka jana haikumtosha hata mbolea. Tukirudi kwao, shamba ataliuza. Hakuniambia hivyo, nimejiambia mwenyewe.

Jumanne, 22 Septemba

Idi imepita. Aziz alituletea pilau ya nyumbani kwake, sahani yangu ikiwa na nyama kubwa kuliko za wote. Sijui nimwelewe vipi mtu huyu.

Nimetuma ya tano. Nilipobonyeza sikufurahi. Ni mara ya kwanza.

Jumatatu, 28 Septemba

Niandike taratibu nisiruke kitu.

Rafiki yangu Mwasiti ni karani kwenye ofisi ya kutoa mizigo forodhani, mtoto wa mjini, anavaa vizuri, anajua uzuri wa kitu. Asubuhi nikajisemea, ngoja nimtumie na yeye kadi ya tano, angalau nisikie mtu mmoja akinisifu, moyo utulie. Nikatuma. Mchana nikampigia.

"Umeiona?"

"Nimeipata. Lakini mbona hukuandika kitu?"

"Mwasiti, acha utani."

"Haki ya Mungu nakwambia. Nyeupe. Njoo uone."

Nilitoka dukani bila kuaga. Nikapita katikati ya malori, nikaruka mtaro, nikaingia ofisini kwao nikihema, na Mwasiti akanigeuzia kioo cha kompyuta.

Karatasi nyeupe. Katikati kisanduku kitupu, na ndani ya kisanduku alama ndogo nyekundu ya kosa, ile ile anayoweka mwalimu kwenye hesabu. Hakuna waridi, hakuna jua, hakuna familia ya wakulima wa Iyula. Hakuna hata jina langu, maana nalo niliweka ndani ya picha kwa herufi za dhahabu!

Mwasiti akanieleza kwa upole kama unavyomweleza mgonjwa. Ofisi yao imezima picha zisiingie kwenye barua, kwa sababu mtandao ni wa kusuasua na zinaleta virusi. Ofisi nyingi ziko hivyo. Na bosi wake, ambaye yuko njiani muda wote, barua anazisoma kwenye simu, na simu ile inaonyesha maneno tu. "Picha kwake ni hewa," alisema.

Basi nikajua. Tangu Juni nimekuwa nampelekea Bwana Felix hewa. Kila alivyonyamaza mimi nikaongeza maua kwenye hewa.

Nilikaa chini sakafuni pale pale, na sketi yangu nyeupe. Mwasiti akadhani nacheka. Nilikuwa nalia.

Kisha likanijia jambo jingine, baya kuliko la kwanza. Tuseme hata angeziona zote tano. Angejua nini? Kwamba ana mwaliko. Kadi haisemi kahawa ni kiasi gani, imeoshwaje, iko wapi, njia ni ipi. Kwenye kadi ya harusi huandiki bibi harusi anapika nini! Miezi yote hiyo sikumwambia mtu habari ya kahawa yetu hata neno moja.

Nilirudi dukani nikamwambia Aziz yote. Nilijiandaa anicheke. Akavuta kiti, akasema, "Kaa. Tuandike." Akafungua ukurasa, akabonyeza kile kitufe chake cha maandishi matupu, akachapa: "KAHAWA IPO. NJOO."

Tukatazamana. "Kaka Aziz," nikasema, "hii nayo haifai." Akasoma tena, akajikuna kidevu. "Kweli haifai," akasema, akafuta.

Jumanne, 29 Septemba, Iyula

Aziz kanipa ruhusa. Nimefika asubuhi nikawakuta wanawake stoo wanachambua kahawa, nikawaambia ukweli wote nikiwa nimesimama mlangoni. Kwamba kadi zimefika tupu. Kwamba ni kosa langu. Nilisubiri Enesi anirarue.

Enesi akaniuliza, "Sasa hivi unaweza kuandika maneno ya kawaida, kama tunavyoongea, na yakafika?"

"Yanafika hata kwenye simu."

"Basi andika. Kalamu unayo?"

Wee! Kilichofuata sitakisahau. Kila mtu alikuwa na neno lake. Mzee Jairo akaitwa kutoka shambani, akataka kwanza salamu: amsalimie Bwana Felix, mke wake, watoto, wazazi kama wapo, na ng'ombe. Nikamwambia mzee, ng'ombe watatuchelewesha. Akakubali tuwaache ng'ombe, lakini mke alikataa kabisa kumwacha. Shangazi akasema niandike tunachagua nyekundu peke yake. Mwingine akasema tunalowesha mpaka utelezi uishe, tunaosha kwa maji ya mto yanayokimbia, si ya dimbwi. Enesi akasema, "Mwambie ilianikwa juu ya vichanja, chini haikugusa, na jua la mchana likizidi tuliifunika kwa mikeka. Mimi mwenyewe nimefunika, mgongo unaniuma mpaka leo. Mgongo usiuandike."

Nikaandika kila kitu. Nilikuwa sijui nusu ya mambo hayo, na nimezaliwa humu humu. Nimemtazama Enesi anavyopitisha punje kwenye vidole, mbovu inatoka yenyewe, na nikaona haya kwa lile jina nililompa.

Jumatano, 30 Septemba, Tunduma

Imekwenda saa tatu asubuhi. Naiandika hapa ibaki:

"Bwana Felix, habari za safari, habari za mama nyumbani na watoto. Sisi ni kikundi cha Amkeni, Iyula, Mbozi. Tuna magunia themanini ya kahawa iliyomenywa, kuoshwa na kukaushwa. Tulichuma nyekundu tu. Tuliosha kwa maji ya mto. Tulianika juu ya vichanja na kuifunika jua likizidi. Iko stoo, kavu, imechambuliwa kwa mkono. Kutoka Vwawa ukifuata barabara ya Iyula utafika, roli la Fuso linapita mpaka mlangoni, lakini mvua zikianza halipiti. Ijumaa mlanguzi anakuja kuichukua. Tungependa uionje wewe kwanza. Tumpe, kwa niaba ya wote." Na namba ya simu.

Hakuna rangi hata moja. Nilipobonyeza iliondoka kabla sijashika kiti. Mwasiti akapiga simu kwamba nakala yake imefika yote, ameisoma mara mbili na sasa anataka kahawa.

Alhamisi, 1 Oktoba

Hakuna jibu. Mawingu juu ya vilima vya Ileje. Sijala.

Ijumaa, 2 Oktoba

Amejibu!!!

Saa nne na nusu. Nilikuwa nimeshafungua sanduku la barua mara nyingi mpaka Aziz akaniambia nitalichakaza. Nikafungua tena na jina lake likawa pale, jeusi limekolea. Nikapiga ukelele. Wakala wa Nakonde akamwaga chai.

"Dada Tumpe, nasoma hii kwenye simu nikiwa njiani Mbalizi. Zile za mwanzo zilikuja tupu, nikadhani ni matangazo nikazifuta. Kesho asubuhi niko kwenu. Msiuze."

Msiuze! Na roli la bluu liko Iyula tangu asubuhi! Nikampigia Mzee Jairo, simu haipatikani. Shangazi hana simu. Enesi hana. Nasema kaka Aziz, kaka Aziz, na kaka Aziz tayari anashusha mlango wa duka, Ijumaa, wateja ndani!

"Tokeni jamani, tokeni, kuna dharura," anasema, na pikipiki yake anaitoa nyuma.

Huyu mtu wa Tanga hajawahi kupanda barabara ya Iyula. Alikuwa anasoma dua kwa sauti kila tukikata kona. Vumbi machoni, nywele zangu zimesimama, nimeishika kifuani karatasi niliyochapia jibu lake, na kila tukikutana na gari nasema Mungu wangu lisiwe la bluu lililojaa.

Tulipofika lilikuwa linapakiwa. Mizani imening'inizwa kwenye tawi, vijana wanapandisha magunia, mlanguzi amekaa kivulini na daftari lake. Nilimwona shangazi amesimama karibu na gunia lake, mkono juu yake. Niliruka kabla pikipiki haijasimama, nikaanguka, nikainuka.

"Amejibu! Msiuze! Amesema msiuze!"

Mzee Jairo akasema, "Soma." Nikasoma. "Ndiyo hiyo tu?" akauliza mtu. Ndiyo hiyo tu. "Soma tena," akasema Mzee Jairo. Nikasoma tena, nikawatafsiria kwa Kinyiha, lugha yetu, wale bibi wawili wa mbele.

Mlanguzi akasimama. "Mnaamini karatasi ya mtoto? Kesho asipokuja mimi sirudi hapa."

Hapo watu waliyumba, niliwaona. Mzee Jairo mwenyewe alitazama mawingu. Na ni kweli, sikuwa na kitu cha kuwaonyesha, hakuna muhuri, hakuna nembo, mistari michache myeusi kwenye karatasi nyeupe.

Enesi akaja, akanipokonya karatasi. Hajui kusoma sana, anasoma kwa kidole. Akafuata mstari mpaka mwisho. "Mbalizi," akasema. "Mtu mwongo hasemi yuko Mbalizi, hapa hapa karibu. Mwongo angesema yuko mbali." Akafunga kanga kiunoni, akapanda juu ya roli, akaanza kusukuma magunia chini moja baada ya jingine huku anamtukana mlanguzi kwa lugha ambayo Aziz aliniomba nimtafsirie na nikakataa.

Jumamosi, 3 Oktoba, Iyula

Amekuja. Mtu mfupi, mpole, miwani. Alikaanga punje zetu kwenye kikaango kidogo alichokuja nacho, akasaga, akamimina maji ya moto, akawa anafyonza kwa kijiko kwa kelele mpaka watoto wakavunjika mbavu. Alifyonza, akatema, akafyonza tena. Sisi sote tunamtazama mdomoni. Kisha kikombe kimoja akakimeza.

"Nachukua yote," alisema.

Vigelegele! Mzee Jairo alimuuliza hali ya mke wake, akauliza na ya ng'ombe, na Bwana Felix akasema anao wawili kwao na wazima. Enesi alikuwa anamwonyesha mikeka. Aziz, ambaye alilala kwetu kwa sababu pikipiki iligoma, alipiga picha kila kitu kwa simu yake.

Nilimtafuta shangazi Ketrina sikumwona. Nikamkuta nyuma ya stoo, amekaa kwenye kichanja kitupu, analia na kucheka kwa pamoja, kanga mdomoni. Nikataka kumshika.

"Niache," akasema. "Niache kwanza nicheke. Shamba langu siliuzi."

Nikakaa pembeni yake, na mimi nikalia.